Daftari la Zamu za Maji

Mimi ni mtu wa karatasi na sioni sababu ya kulificha hilo. Mezani pangu, katika ofisi ya wilaya pale Kamembe, kalamu hulala upande mmoja, mafaili yamepangwa kwa rangi, na muhuri unakaa ndani ya kikopo cha bati ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukifungua. Mke wangu husema nyumba ikishika moto nitauokoa muhuri kwanza, kisha ndipo nirudi kuwatafuta watoto. Humjibu kwamba watoto wana miguu. Halafu namwomba radhi, maana mimi hukasirika upesi na hupoa upesi.

Nimeiwakilisha wilaya mahakamani kwa miaka mingi sasa. Watu wakisikia hivyo hudhani nashughulika na mambo makubwa ya dola. Kwa kweli nashughulika na mipaka ya viwanja, ukuta uliobomolewa kimakosa, mwalimu aliyehamishwa bila barua. Na maji. Huku kwetu tuna ziwa, tuna mto, tuna mvua ya kutosha kuwachosha wenye viatu, na bado kesi ngumu kuliko zote nilizopata kuzibeba ilikuwa ya maji. Naieleza kwa sababu ilinipa ahueni kubwa ambayo sijapata kuionja tena kazini, na kwa sababu ahueni hiyo ilikuja mlangoni kwangu mara mbili nikaifukuza.

Kule chini, katika tambarare ya Bugarama, mpunga hunyweshwa na mfereji mmoja mkuu unaotoka mtoni. Juu kidogo ya mashamba kampuni moja ilichimba mabwawa ya samaki na kuweka mlango wake wa maji kwenye mfereji huohuo. Leseni yao ilitoka Kigali, imekamilika kila mahali. Miaka ya mvua nzuri hakuna aliyenung'unika: samaki walikunywa, mpunga ulikunywa. Mwaka wa kesi yenyewe mvua zilikatika mapema, mfereji ukapungua, na mlango wa mabwawa ukabaki wazi siku zote saba za wiki. Mashamba ya mwanzo yalipata maji. Ya mwisho yakaanza kupasuka, na mpunga ulikuwa na mimba tayari. Mpunga ukikosa maji wakati huo hutoa makapi, na hakuna dua inayorudisha punje ndani ya ganda.

Wilaya ikatoa amri: mpaka mavuno, mlango wa mabwawa ufunguliwe siku tatu tu kwa wiki. Kampuni ikaenda mahakamani kuomba amri hiyo ifutwe. Walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilisema kwamba aliyepewa leseni na Kigali hawezi kupunguziwa na wilaya. Hiyo sikuiogopa, kwa kuwa leseni yenyewe ilisema kwamba maji yakipungua mwenye leseni atafuata maelekezo ya mamlaka za mahali. Ya pili ilisema kwamba kampuni haikusikilizwa kabla ya amri kutolewa. Hiyo ilikuwa na meno. Sheria ya utawala ukiikamua yote hubaki na tone moja: usimkate mtu kabla ya kumsikiliza, hata kama haki iko upande wako, hata kama ardhi inapasuka. Amri isiyotanguliwa na kusikiliza huanguka, na hii ikianguka mlango ungefunguliwa siku saba kuanzia kesho yake.

Wa kwanza kuumia angekuwa mgawa maji. Kila mfereji una mgawa maji wake, anayekaa kwenye mlango mkuu na kusimamia zamu. Wa Bugarama alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, aliyekulia Kamanyola, nchi jirani ng'ambo ya mto, kabla wazazi wake hawajarudi kwao. Mkavu wa maneno, mwenye mabuti ya mpira yaliyomzidi saizi. Wakulima walimchagua kwa sababu shamba lake ni la mwisho kabisa kwenye mfereji. Ndiyo desturi yao, nami naipenda kuliko vifungu vingi vya sheria nilivyovikariri: agawaye maji awe yule yanayemfikia mwisho. Kwa hiyo maji yakiibiwa njiani, anayeibiwa ni yeye.

Na alikuwa na daftari. Kila mwenye zamu lazima afike mwenyewe mlangoni, ajiandike, atie sahihi au kidole, ndipo jiwe la kuzibia maji linainuliwa na maji yanaelekezwa kwake. Asiyefika, zamu yake inampita na maji yanakwenda kwa jirani anayefuata. Hata awe padri, hata awe mwenyekiti wa ushirika. Meneja wa mabwawa naye alikuwa akijiandika humo kama wengine, siku za mvua nzuri, kwa ujirani tu.

Sasa hapa ndipo upumbavu wangu unapoanzia. Kampuni ilikuwa imesikilizwa. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwapo, au niseme nilikaribia kuwapo. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo kila mtu hutoka na jembe lake. Watu wa pale walikuwa wanazoa matope kwenye mfereji, na kama ilivyo kawaida, kazi ilipokwisha waliketi ukingoni wakafanya kikao. Meneja wa mabwawa alikuwamo, suruali imekunjwa hadi magotini. Mimi nilichelewa kwa sababu ya malori ya saruji njiani. Nilipofika kikao kilikuwa kinamalizika, watu wanatia sahihi mahali fulani, na katibu mtendaji wa kata, aliyeandika muhtasari, akaniambia tu kwamba wameelewana. Siku kumi baadaye amri ikatoka.

Siku ya pili baada ya amri, nikipanga faili, nikaona muhtasari haumo. Nikampigia simu katibu, akanisomea mambo makuu kichwani mwake, nikayapiga chapa vizuri, aya baada ya aya, majina ya waliohudhuria yamepangwa kwa alfabeti. Sikumwuliza ule wa awali aliuandikia wapi. Kisha, kwa fahari yangu yote, nikafungua kikopo cha bati nikapiga muhuri. Muhuri wangu una tarehe, nami huigeuza kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Kwa hiyo karatasi iliyotakiwa kuthibitisha kwamba tulisikiliza kwanza na kuamuru baadaye ikabeba tarehe ya baada ya amri.

Sikuliona hilo. Niliangalia tu jinsi muhuri ulivyokaa sawa, haukupinda.

Kampuni ilipofungua kesi, mama mgawa maji alipanda Kamembe kuniona. Safari ile ya kupanda na kushuka inakula siku. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatoa ndani ya mfuko wa nailoni daftari lililovalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kona zilikuwa zimevimba kwa maji, na ganda lilikuwa na matope yaliyokauka ambayo yalianza kudondoka mezani pangu.

"Maître, nimeleta ile kaye ya mayi," alisema, akiniita kwa cheo cha mawakili na kugonga daftari kwa kidole. "Uiangalie."

Nilikulia Bukavu, ng'ambo hiyohiyo, kwa hiyo nilimjibu kwa Kiswahili chetu cha kule. "Ni kaye ya zamu, Maman?"

"Ya zamu. Na bingine biko mule ndani."

"Iko na kashe?"

"Kashe ya nini? Ni kaye."

Nikamweleza, kwa upole niliojivunia, kwamba kitu kisicho na muhuri siwezi kukiingiza katika faili la mahakama. Aende kwanza ofisi ya sekta, ile iliyo juu ya kata, wampigie muhuri, ndipo aniletee. Akasema sawa, akafunga mfuko wake, akaondoka. Nilifuta meza.

Wiki iliyofuata alirudi. Siku hiyo nilikuwa naandika majibu ya madai, nimefunga mlango nusu, na mtu akinikatiza katikati ya sentensi ya kisheria huwa kama amenimwagia uji.

"Ku sekta banasema habapigake kashe ku kaye ya muntu," alisema akiwa bado amesimama.

"Basi Maman, miye nifanye nini? Niko na kesi ya mayi yenu hapa. Uniache nitumike, kazi ni mingi."

"Njo ile kesi nilikuya juu yake."

"Sawa, sawa," nilisema, na macho yangu yalikuwa yamesharudi kwenye kompyuta. Nilisikia mabuti yake yakishuka ngazi, nikafurahi kupata utulivu.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa kampuni, kijana nadhifu kutoka Kigali mwenye sauti isiyopanda, aliinua muhtasari wangu kwa vidole viwili. Hakusema kwamba ni wa uongo. Alimwomba jaji asome tarehe ya amri, kisha asome tarehe ya muhuri. Nami, nimeketi pale na koti langu jeusi, nikaisoma pamoja na jaji kwa mara ya kwanza. Niliona papo hapo yale mashamba ya mwisho, na nikaona kwamba anayekwenda kuyakausha si kampuni, ni mimi na kikopo changu cha bati.

Jaji alikuwa mama mwenye subira, lakini si ya kuchezewa. Aliniuliza: muhtasari huu uliandikwa siku ya kikao?

Mkuu wangu wa kazi alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilisikia akininong'oneza niseme tarehe iligeuzwa vibaya, kila mtu anajua mihuri hukosewa. Ulikuwa uongo mdogo, laini, na wenye kuaminika katika kila ofisi ya nchi hii. Isipokuwa kwangu. Miaka yote nimewagombeza makarani kwa kugeuza tarehe vibaya, leo nijifunike kwa kosa hilohilo? Njia ya mwongo ni fupi, na mimi tayari nilikuwa nimeona mwisho wake. Tena niliogopa. Sitaki kujipamba kwa ushujaa. Niliogopa kwamba nikisema uongo nitatetemeka sauti.

Nikasema ukweli wote. Kwamba kikao kilifanyika kweli, siku kumi kabla ya amri, ila karatasi hii niliiandika mimi baadaye, kutokana na maneno ya simu, nikaipiga muhuri wa siku niliyoiandika.

"Na maandishi ya kwanza, yale ya siku ya kikao, yako wapi?" aliuliza jaji.

"Sijui," nikasema.

Sijawahi kutamka neno zito kuliko hilo mahakamani. Mkuu wangu alivuta pumzi kama mtu aliyekanyagwa. Jaji aliandika kitu, kisha akasema kwamba mahakama itakwenda yenyewe kuangalia mfereji, siku nane baadaye, na upande wenye maandishi ya kwanza uyalete hukohuko. Yasipopatikana, ataamua kwa yaliyomo kwenye faili. Nilijua yaliyomo kwenye faili.

Wiki hiyo nilimtafuta yule katibu mtendaji hadi simu ikapata joto. Alikuwa amehamishiwa wilaya ya mbali, na huko wakampeleka mafunzoni, mahali ambapo simu hukusanywa mlangoni. Niliandika ujumbe, nikatuma mtu, nikaota ndoto za madaftari. Nyumbani nilikuwa mkali hata kwa jogoo. Mke wangu aliniambia niache kula kwa hasira, chakula hakijanikosea. Nilimwambia kwamba nikishindwa, mashamba ya watu yatakauka kwa mkono wangu. Aliniongezea mboga.

Asubuhi ya ziara tulishuka na gari la wilaya. Tukiwa Rwimbogo, tumesimama pembeni kupisha malori ya saruji yanayopanda kutoka Muganza, simu ikalia. Alikuwa katibu.

"Maître, nimeona umenitafuta sana. Tulikuwa mu formation."

"Ule muhtasari wa umuganda," nikasema. "Uliuandika wapi?"

"Kaye yangu niliisahauka ku biro ile siku. Niliazima kaye ya yule Maman wa mayi. Bantu bote balitia sahihi mulemule. Aliibakisha, juu asubuhi alikuwa na zamu za kuandika."

Sikukumbuka hata kumshukuru. Niliona meza yangu, na yale matope yaliyokauka yakidondoka, na kitambaa nilichoyafutia. Alinipandia na ushahidi wangu mara mbili, akauweka mbele yangu, na mimi nikamwuliza habari za muhuri. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikuwa umevimba hadi gotini. Njia yote iliyobaki nilikuwa na swali moja tu: kama bado analo. Mtu aliyedharauliwa mara mbili ana haki ya kuwashia moto wa chai kwa daftari lake.

Bugarama kulikuwa na joto lake la kawaida. Jaji alikuwa amevaa mabuti ya mpira, jambo lililonipa moyo. Wakili wa kampuni alikuwa na viatu vya ngozi na akitafuta mahali pakavu pa kuviweka. Meneja wa mabwawa alisimama peke yake, mikono nyuma. Wakulima walikaa ukingoni. Mama mgawa maji alikuwa kwenye mlango mkuu akirekebisha jiwe, kwa sababu zamu hazisimami kwa ajili ya mahakama.

Jaji aliuona mfereji, akayaona mabwawa, akatembea hadi mashamba ya mwisho na kurudi. Kisha akanigeukia, akauliza kama nimepata maandishi ya kwanza.

Nikasema naamini yako hapa, lakini sijayasoma. Wakili wa kampuni akatabasamu kidogo, nami simlaumu. Nani anayeleta ushahidi asiousoma? Nikamgeukia yule mama.

"Maman, nakuomba. Ile kaye iko wapi?"

Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ile yenye haina kashe?"

Wakulima wakacheka. Nilistahili. Nikakiri, "Njo ile."

Aliitoa ndani ya mfuko wa nailoni uliotundikwa kwenye mti wa mlango na kumkabidhi jaji moja kwa moja, akinipita. Akamfungulia na ukurasa wenyewe. Alikuwa ameuwekea unyasi.

Jaji alisoma kimya, halafu akasoma kwa sauti. Ulikuwa mwandiko wa katibu, wa haraka, wenye doa la tope. Meneja wa mabwawa anasema samaki wadogo hawawezi kupunguziwa maji ghafla. Anaomba wiki mbili awahamishie bwawa la chini. Wakulima wanasema mpunga hautangoja wiki mbili. Wameelewana siku kumi. Kisha sahihi na vidole, mstari kwa mstari. Chini kabisa katibu alikuwa ameongeza kwamba mwanasheria wa wilaya amefika kikao kikimalizika. Jaji alilisoma na hilo, bila kuruka neno.

Wakili wa kampuni alisema, kwa haki yake, kwamba ukurasa unaweza kuandikwa siku yoyote. Jaji aligeuza ukurasa mmoja nyuma: zamu za Ijumaa, kila moja na sahihi ya mwenye shamba. Akageuza mmoja mbele: zamu za Jumapili, vilevile. Kikao kilikuwa kimebanwa katikati, kwa uzi uleule na tope lilelile. Upande wa pili wa karatasi ya kikao kulikuwa na zamu za Jumapili asubuhi. Ili kuughushi ukurasa ule ungehitaji kuwaita wakulima wote wa tambarare watie vidole upya.

Kisha akamwita meneja, akamwonyesha sahihi moja, akamwuliza kama anaitambua.

Yule bwana aliinama akaitazama. Wakili wake alikohoa. Meneja akasema, "Ni yangu. Niliomba wiki mbili, wakanipa siku kumi. Nilihamisha nusu ya samaki."

Ahueni niliyoipata sina namna ya kuieleza ila kusema kwamba niliketi chini. Kweli, niliketi kwenye tope na suruali ya mahakamani, mbele ya jaji. Karani wa mahakama alidhani nimepatwa na joto akaniletea maji. Nilikunywa, na machozi yakanilengalenga, na sikuona aibu hata kidogo. Nilimpenda meneja siku hiyo. Alikuwa na samaki wa kuogopea kama wengine walivyokuwa na mpunga, na bado hakuikana kalamu yake.

Karani alilichukua daftari kwa ajili ya mahakama akaandika risiti. Mama aliipokea, akaigeuza huku na huku, akaja akanikabidhi.

"Shika, Maître," alisema. "Hii iko na kashe."

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Kampuni ilisikilizwa, ombi lake lilipimwa, amri inabaki mpaka mavuno. Jaji aliandika pia sentensi mbili kuhusu muhtasari uliotengenezwa baadaye, na kwamba ofisi za umma zitunze maandishi ya awali hata yakiwa machafu. Hakunitaja, lakini mkuu wangu alizipigia mstari na kunipa nakala. Nilitoka nikashuka hadi sokoni nikanunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikawabeba nyumbani kwenye gazeti, nikala sahani nzima peke yangu kabla mke wangu hajauliza kulikoni. Watoto walinitazama kama mgeni. Usiku huo nililala bila ndoto za madaftari.

Mahakama ilipolirudisha daftari, nilisema nitalipeleka mwenyewe. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano, na wiki ile walikuwa wanaandaa mikeka ya kuanikia. Nilifika mapema kuliko nilivyoahidi, mara moja katika maisha yangu, nikakaa garini kumngoja amalize kuandika wenye zamu kwenye daftari la muda. Hapo ndipo nililifungua. Tangu kesi ianze mpaka ikaisha, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kulifungua.

Nilisoma kurasa kwa kurasa. Majina, siku, vidole. Jina lake lilikuwa la mwisho kila duru, na alijiandika kama alivyowaandika wengine, bila kujipendelea hata robo saa. Kisha nikafika duru moja, wakati ule ardhi inapasuka, nikaona mbele ya jina lake hakuna sahihi. Kwa mwandiko wa mwingine, jirani aliyemshikia mlango siku hiyo akajaza zamu jioni daftari liliporudi, paliandikwa: amekwenda Kamembe. Zamu imepita. Nikageuza haraka duru inayofuata. Jina lake tena. Amekwenda Kamembe. Zamu imepita.

Nilihesabu tarehe, ingawa sikuhitaji. Zilikuwa siku zile mbili alizoketi, na kusimama, ofisini kwangu.

Nilishuka garini. Alikuwa amemaliza, akanikuta kwenye tuta nikiangalia shamba lake. Mashamba ya wengine yalikuwa yameinamisha vichwa sawasawa. Lake lilikuwa zuri pia, kwa sehemu kubwa; lakini kwenye kona ya chini, mahali ambapo maji hufika mwisho kabisa, palikuwa na kipande cha mashuke yaliyosimama wima. Shuke likisimama wima wakati huo halina kitu ndani.

Nilimpa daftari. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, na yote yalinitoroka. Nikasema tu, "Maman, sikujua ilikuwa zamu zako. Unisamehe."

Alifuata macho yangu hadi kwenye ile kona. "Ile mayi haikupoteaka," alisema. "Ilienda kwa jirani. Aliivuna bizuri."

"Lakini ilikuwa yako."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Kama ungeifunguaka siku ya kwanza," alisema, "ningekosa zamu moja tu."

Kisha akatoa kalamu nyuma ya sikio, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akaandika tarehe na kwamba kaye imerudi. Akanielekezea mahali pa kutia sahihi. Muhuri nilikuwa nao. Nilikuwa nimeubeba makusudi ndani ya mkoba, nikidhani ningempigia kwenye ganda kama zawadi. Sikuutoa. Nilitia sahihi yangu chini ya jina lake, akapuliza wino ukauke, akarudi mlangoni kwa sababu mwenye zamu inayofuata alikuwa ameshafika.